Kabati la chumbani, Bugarika: shajara ya tangu Mei hadi mvua za vuli

Mei 24

Leo nimetoa nguo zote kitandani maana nilisikia harufu tangu juzi na nikawa najiambia ni viatu. Siyo viatu. Kabati letu la zamani, lile la miaka minne, kitako chake kimevimba kama mkate uliolowekwa kwenye chai, ukikibonyeza kidole kinaingia, na nyuma yake ukuta una ukungu mweusi toka chini mpaka usawa wa kiuno changu. Doti mbili za vitenge zimepigwa madoa, hizo sawa, ila chini kabisa ilikuwepo khanga ya marehemu mama, ile ya rangi ya zambarau, na pindo lote la upande mmoja lina madoadoa meusi. Nimeifua mara mbili kwa sabuni ya kipande na ndimu, nimeianika juani juu ya jiwe, yamepungua lakini hayajatoka. Nimelia kidogo, siwafichi.

Kwa wasioijua Bugarika ya hapa Mwanza, sisi tupo mlimani, nyumba zimejibana katikati ya mawe, na nyumba yetu mgongo wake umeegemea jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mvua ikinyesha maji yanashuka kwenye jiwe yanakuja moja kwa moja kwenye ukuta wa chumba cha kulala, na masika ya mwaka huu yamekuwa marefu. Kabati tuliliweka ukuta huohuo. Lilikuwa la chipibodi, ile bodi ya chembechembe za mbao na gundi, tulinunua laki sita na themanini dukani likiwa limeshakamilika, linang'aa, vioo kila mlango.

Nimeamua tunatengeneza jipya la kupimisha, na hesabu zote naziandika humu ili nisije nikasahau nilichojifunza.

Mei 27

Baba watoto anasema tupake rangi nzuri ya mafuta ukutani tuweke kabati lingine palepale. Nimekataa. Kwanza nataka kujua maji yanatokea wapi.

Juni 2

Jaribio alilonifundisha fundi uashi wa jirani, na kwakweli ni la bure kabisa. Unachukua nailoni nyepesi, kipande cha ukubwa wa daftari, unakibandika ukutani kwa selotepu pande zote nne pasiingie hewa, unakiacha siku mbili. Ukikuta umande upande wa ndani, yaani kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta umande upande wa nje basi ni unyevu wa hewa ya chumbani tu, dawa yake ni madirisha. Mimi nilibandika vipande vitatu, kimoja ukuta wa jiwe chini, kimoja ukuta huohuo juu, cha tatu ukuta wa ndani tunaopakana na sebule. Cha chini kilikuwa na matone ya kuhesabika, yamekaa kama jasho la mtu mwenye homa, na hapo mvua imeshakata siku tisa. Cha juu unyevu kidogo. Cha ukuta wa sebule kikavu kabisa.

Kwahiyo kabati linahama, linaenda ukuta wa sebule. Kitanda ndiyo kitasogea kule.

Juni 15

Tumechimba mtaro kati ya jiwe na ukuta, upana kama wa jembe, tukausakafia na kuupa mteremko maji yakimbilie kwenye mfereji wa chini. Ukuta wa nje tukabandua plasta iliyooza tukapiga mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Saruji mifuko mitatu elfu sitini, mchanga elfu thelathini, dawa thelathini na tano, fundi sabini. Jumla 195,000. Imetoka kwenye hela ya magauni ya harusi niliyoshona mwezi huu, nikaitenga palepale kabla haijapoa.

Kuna watu wataona hii siyo hela ya kabati. Kwangu mimi hii ndiyo hela ya kwanza ya kabati.

Juni 22

Mimi ni fundi cherehani, Kirumba, mwaka wa kumi na moja huu. Mteja akija kibandani kwangu simuulizi anataka gauni la shilingi ngapi, nampima kwanza. Sasa nikajiuliza, mbona kabati watu tunaenda kulinunua bila kupima kitakachoingia humo? Jumapili hii nimechukua futikamba nimepima nguo zetu.

Magauni na kanzu za kutundika ni 27, refu kuliko yote limefika sentimita 148 toka kwenye bomba mpaka pindo. Nimetundika 10 zikibanana kawaida zikachukua 28, kwahiyo 27 zinataka kama 76. Mashati ya baba watoto na blauzi zangu hazizidi 95 kwenda chini. Henga yenyewe kwa upana ni 45, ndiyo maana kabati likiwa na kina cha 50 mlango unabana mabega ya nguo, inatakiwa 60. Vitenge nikivikunja kwa mkunjo wangu vinakaa 30 kwa 25, na rundo la doti kumi na mbili likizidi hapo linaanguka, kwahiyo shelfu ziachane 30 tu, zile za 45 za kabati la zamani ndiyo zilikuwa zinanifanya nirundike alafu nikivuta cha chini vyote vinakuja.

Viatu nimehesabu, sitaki kuvipeleka ndani ya kabati. Vitakaa mlangoni.

Ukuta wa sebule una sentimita 330, ukitoa mlango wa chumba 80 inabaki 250. Kabati litakuwa 240. Mbele yake mpaka kitanda, kile cha tano kwa sita, itabaki 75, mtu unapita na mlango wa 40 unafunguka bila kugonga godoro. Nimechora yote kwenye karatasi ya kukatia patani.

Julai 5

Zamu yangu ya mchezo wa kupeana hela imefika. Tupo 12, kila mmoja 150,000, kwahiyo 1,800,000. Laki tano na nusu imeondoka siku hiyohiyo kwenda kwenye ada ya mtoto wa kwanza. Imebaki 1,250,000, na hiyo ndiyo bajeti, hakuna kukopa.

Julai 12

Nimezunguka sehemu tatu na ule mchoro wangu.

Pa kwanza ni wale wa milango ya kuteleza ya aluminiamu, 2,850,000. Pazuri, siwezi kusema uongo. Ila milango ya kuteleza inakula kama sentimita 10 za kina, na unaona nusu ya kabati kwa wakati mmoja, na reli ya chini na mchanga wa huku kwetu mlimani sioni zikipatana.

Pa pili, mninga mtupu, 3,600,000. Mzee akanionyesha ubao wa mninga alioutunza, ule wekundu wa hudhurungi na mistari yake, nikaushika nikautamani kwa moyo wote. Mninga ni wa mapori ya miombo, unakuja huku toka pande za Tabora na Katavi, mti wenyewe unakua taratibu mno na unazidi kuadimika, ndiyo maana bei haishuki. Nikamuuliza kuhusu paini, maana paini ipo hata mkoani kwetu, kuna shamba la miti Buhindi kule Buchosa na lingine Rubya, Ukerewe. Akasema paini ni nzuri kwa fremu lakini inayouzwa mara nyingi haijakauka vizuri, ukitengeneza mlango mrefu wa mbao mbichi unajipinda ndani ya miezi. Nimemshukuru kwa kuniambia ukweli wakati angeweza kuniuzia tu.

Pa tatu ni fundi wa Igoma, mtu mzima, nikamwamkia shikamoo akanipa marahaba na stuli ya kukalia. Huyu alichukua mchoro wangu akausoma kimya kama dakika tano nzima. Alafu akaniuliza, "Binti, huu ukuta ni mkavu?" Wale wawili hakuna aliyeuliza. Nikajua nimefika.

Ufundi 450,000, vifaa ninunue mwenyewe.

Julai 13 hadi 15, jaribio la ndoo

Fundi alinipa vipande viwili vya kuchezea, kimoja emdiefu chenye uso mweupe wa melamini, kingine marinibodi ile nyeusi wanayotumia kusetia zege. Vyote unene milimita 18. Nimevizamisha kwenye ndoo ya maji kuanzia jioni mpaka kesho yake jioni.

Emdiefu uso wake ulibaki mweupe safi, ukiuangalia kwa juu huwezi kujua. Ila kingo! Pale palipokatwa pamefumuka, nyuzinyuzi zimesimama kama pamba iliyochambuliwa, na unene umetoka 18 umekuwa 20 na ushee, na nilivyokausha haukurudi. Hii bodi ni unga wa nyuzi za miti na gundi vimeshindiliwa, maji yanaingilia kwenye kingo, uso hauna shida. Marinibodi ni tabaka za mbao nyembamba zimegundishwa kwa gundi isiyoogopa maji, yenyewe ilitoka karibu vilevile, kingo zimekuwa nyeusi zaidi basi.

Kwahiyo nimeamua mwili wa kabati, yaani mbavu, kitako na paa, ni marinibodi. Shelfu, droo na milango ni emdiefu ya melamini, na kila ukingo uliokatwa uzibwe kwa ejibendi, ule utepe wa kingo, hata ule usioonekana. Hasa ule usioonekana.

Julai 20

Leo nimekaa na fundi kuhusu idadi ya bodi, na hapa nimefurahi kupita kiasi.

Yeye aliandika bodi 11. Bodi moja ni futi 8 kwa 4, yaani 244 kwa 122. Sasa kazi yangu kila siku ni kupanga mapande ya gauni juu ya kitambaa ili nisipoteze, kwahiyo nikamwambia mzee wangu hebu tupange kabla hujakata. Nikakata vikaratasi kwa vipimo vya kumi kwa moja, yaani sentimita kumi naifanya moja, tukavitandaza mezani. Mbavu nne za 220 kwa 60, zinalala mbili mbili kwenye bodi moja, maana 60 mara mbili ni 120 na msumeno unakula kidogo, zinaenea. Bodi mbili. Paa na kitako vya 240 kwa 60, bodi moja. Shelfu zina urefu wa 77, zinakaa tatu kwa mstari, mistari miwili, sita kwa bodi, bodi mbili zinatoa 12 na mimi nahitaji 10. Droo tatu bodi moja. Milango sita ya 40, mitatu kwa bodi, bodi mbili. Jumla 8.

Kama ningeng'ang'ania kina cha 65 mbavu isingelala mbili kwenye bodi, ningenunua bodi nyingi zaidi kwa ajili ya sentimita tano ambazo henga haizihitaji.

Mzee akaangalia vile vikaratasi akacheka kwa furaha, akasema miaka yote anaongeza bodi za tahadhari kwasababu anakata kwa kichwa. Akaviomba abaki navyo.

Kuhusu shelfu kuwa 77 siyo bahati mbaya. Emdiefu ya 18 ukiipa nafasi ya mita nzima bila kuiegemeza katikati inalegea, vitenge ni vizito jamani. Chini ya 80 inakaa vizuri.

Julai 26

Hesabu kamili, milango na kila kitu, imekuja 1,666,000. Mkononi nina 1,250,000.

Nimekaa nayo siku nne. Ningeweza kushusha mwili uwe wa chipibodi nipate milango sasa hivi. Mama mkwe, ambaye hajawahi kunishauri vibaya, akasema mwanangu nguo haikai kwenye mlango inakaa ndani. Basi imeamuliwa, tunajenga mwili kamili na milango inasubiri. Nimepiga hesabu ya milango peke yake, bodi mbili 230,000, bawaba 24 elfu sitini (mlango wa 220 unataka bawaba nne siyo mbili, la sivyo unainama), vishikio 24,000, kukata 10,000, na malipo ya mwisho ya fundi 150,000 ambayo tumekubaliana nitayatoa siku milango ikining'inia. Ni 474,000. Hiyo ni oda za Krismasi, naijua.

Cha sasa basi ni 1,192,000. Marinibodi tatu 255,000, emdiefu tatu 345,000, plaiwudi ya mgongo mbili 56,000, ejibendi 45,000, reli za droo jozi tatu 36,000, mabomba ya kutundikia mawili 18,000, vishikio vya droo 12,000, skurubu na gundi na silikoni 40,000, miguu ya plastiki kumi 25,000, kukatia kwa mashine 30,000, kirikuu (kigari cha kubebea mizigo) 30,000, fundi awamu mbili 300,000.

Agosti 9

Kununua bodi. Duka la kwanza waliniambia unene ni milimita 18, bei yao ilikuwa chini kwa elfu kumi na mbili kila bodi, nikatoa futikamba nikapima ukingo nikakuta 15. Nikawaonyesha. Wakasema ndiyo 18 ya siku hizi. Nikaondoka. Jamani nendeni na kipimo chenu, au beba kipande cha mfano ukilinganishe ukingo kwa ukingo. Duka la pili nimepata 18 ya kweli na risiti ya EFD, tukakatia palepale kwa mashine kwa kufuata vile vikaratasi.

Agosti 10

Hili sikulibajeti. Kirikuu inaishia barabarani, toka pale mpaka kwetu ni kupanda katikati ya mawe. Bodi nzima ya emdiefu ina karibu kilo 40 na upana wa mlango, na jioni upepo wa ziwa unapiga mlima wetu kifuani, kijana akibeba bodi kichwani inakuwa tanga la mtumbwi. Tunashukuru tulikata mjini, vipande vikawa vya kubebeka, ila paa na kitako vya 240 vilipofika ile kona ya mawe mawili havikupinda, ikabidi visimamishwe wima vizungushwe taratibu, vijana wanne, mmoja anaelekeza kwa sauti kama anaingiza meli bandarini. Nimewalipa 40,000 na soda. Zimebaki 18,000 za bajeti.

Agosti 16–17

Fundi amekuja na kijana wake. Kabla ya kufunga chochote alichora kwa chaki sakafuni pembe ya kabati, maana likifungwa limelala alafu linyanyuliwe, kinachopita chini ya dari siyo urefu wake ni mshazari wake. Urefu 230 na miguu, kina 60, mshazari 238. Dari yetu 242. Limepita, nimeshika roho mkononi.

Mambo niliyoyasimamia mwenyewe: miguu iliinue sentimita 10 toka sakafuni, nafasi ya sentimita 5 kati ya mgongo na ukuta ingawa ni ukuta mkavu, na matundu ya hewa kwenye plaiwudi ya mgongo, manne chini manne juu, hewa ipande. Kingo za kitako zimepakwa silikoni. Kijana alisahau ejibendi kwenye kingo za nyuma za shelfu, nikaona kwa kupitisha kidole, mzee akamrudisha bila kelele, zikazibwa zote kumi.

Droo ya katikati inakwama kidogo. Atakuja kuirekebisha.

Agosti 23

Kaja. Reli moja ilikuwa juu kwa milimita tatu. Sasa inateleza.

Agosti 24

Nimeshona pazia la mbele kwa kitenge nilichokuwa nimebakiza, mapande matatu, linapita kwenye waya. Wageni wawili wameshauliza milango iko wapi. Nawajibu inakuja Desemba.

Magauni 27 yameingia kwenye chumba cha kwanza cha kabati, nafasi ikabaki ya kupitisha vidole viwili. Futikamba haikunidanganya.

Oktoba 19

Mvua kubwa ya kwanza ya vuli, imeanza saa tisa usiku. Nimeamka, sikuweza kulala tena, nikamwacha baba watoto nikachukua tochi. Nje nikasikia maji yanakimbia kwenye mtaro, yana sauti yake, yanakwenda kule chini kwenye mfereji. Nikaangalia ukuta wa jiwe kwa ndani, kuna mstari mmoja wa unyevu pembeni juu ya kitanda, mrefu kama kalamu, nimeuwekea alama ya penseli nione kama utaongezeka.

Alafu nikapiga magoti nikaingiza mkono nyuma ya kabati mpaka bega likagota. Pakavu. Nikanusa vidole, vumbi la mbao tu. Nilikuwa nimebandika tena kile kipande cha nailoni huko nyuma tangu Agosti, nikakimulika, hakina tone.

Khanga ya mama ipo shelfu ya juu kabisa, peke yake, nimeifunga kwenye shuka jeupe.

Oktoba 21

Mstari haujaongezeka. Fundi uashi anakuja Jumamosi kuangalia hiyo kona, na oda tatu za Krismasi zimeshalipiwa nusu, 135,000. Nimeziandika kwenye ukurasa wa milango.